Maji Yakiwa Chini ya Begi, Hesabu Huna Maji

Wacha niseme hii kitu mara moja, halafu mnitukane mkimaliza kusoma. Ule mfuko wa maji wenye mrija, ule mnaucheka kila Jumamosi tukienda haiki, si maringo. Kama kuna mtu wa kuchekwa mlimani ni yule ana lita mbili mgongoni na midomo imepasuka kwa kiu.

Najua vile mnaongea. "Huyu anaenda Longonot ama anaenda Everest?" "Mwambieni daktari amtoe hiyo dripu." Nawajua kwa sababu nilikuwa mmoja wenu. Nimecheka watu wa mrija kutoka Karura hadi Kilimambogo. Halafu kuna siku niliacha, na nitawaambia ilikuwaje.

Tulikuwa Longonot. Watu kama arobaini, tumetoka Nairobi giza bado liko, na kundi moja ambalo sitalitaja. Siku mbili kabla tulitumiwa ile orodha mnaijua kwa WhatsApp: viatu vyenye meno, kofia, kitu ya kula, lita mbili za maji. Rafiki yangu mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa pili, haiki yake ya kwanza kabisa, alifuata orodha neno kwa neno. Alijaza chupa mbili za lita moja moja, zile ngumu za kutumia tena. Akaziweka chini kabisa ya begi kwa sababu ndizo nzito. Juu yake akapanga sweta, chapati, pawa benki na jaketi ya mvua. Msichana amejipanga. Hakuna mtu angemlaumu.

Kama umewahi kwenda Longonot unajua ile njia. Kutoka geti hadi ukingo wa kreta ni kama kilomita tatu, na sehemu kubwa ni kupanda tu. Vumbi ya majivu ya volkano inaingia hadi kwa meno. Kivuli ni cha kuombea. Ukifika juu, kuzunguka kreta ni zaidi ya kilomita saba zingine, panda shuka, panda shuka, hadi kile kilele cha mita 2,776. Huko juu hakuna mto, hakuna bomba, hakuna kiosk. Maji ni yale umebeba.

Kiongozi wetu alikuwa mbele, mguu mwepesi, anaita "Twende! Twende! Jua linapanda!" Tukisimama, tunangoja watu wa nyuma watufikie, na wakifika tu, safari inaendelea. Piga hiyo hesabu. Watu wa mbele, wale wana nguvu, walipumzika dakika tano kila mara. Watu wa nyuma, wale wamechoka, walipumzika sifuri. Rafiki yangu alikuwa wa nyuma.

Hatukuwa mbali na kilele alipokaa chini. Hakuanguka vile mnaona kwa filamu. Alikaa tu kwa vumbi, akasema kichwa kinamgonga, halafu akaanza kutapika. Nilimwambia anywe maji. Akanionyesha begi kwa kidole, hata nguvu ya kuivua hana. Nikafungua. Nikatoa jaketi, nikatoa sweta, nikatoa chapati. Chupa zilikuwa pale chini, zote mbili. Moja alikuwa ameionja tukiwa getini. Nyingine ilikuwa imejaa hadi shingoni.

Zaidi ya masaa matatu kwa jua, karibu kilo mbili za maji zinamchubua mabega, na yeye amekauka kama omena.

Baadaye, alipopata nafuu kidogo, nilimuuliza kwa nini hakunywa. Aliniambia, "Sikutaka kuchelewesha watu."

Rudia hiyo sentensi polepole. Hakusahau maji. Hakudharau maji. Aliogopa kuwa mzigo kwa wengine. Kwa sababu kunywa maji kutoka chini ya begi ni kazi: usimame, utoke njiani upishe watu, uvue begi, utoe nusu ya nyumba yako, ufungue chupa, unywe, ufunge, upange tena, uvae, halafu ukimbie kufuata watu ambao sai wameshapinda kona. Ukifanya hivyo mara moja ni sawa. Ukifanya mara kumi, mara ya pili tu ushaanza kusikia macho ya watu kwa shingo yako. Kwa hivyo unajiambia, nitakunywa tukisimama. Na hamsimami.

Hapo ndipo nilianza kuheshimu ule mrija. Unapita kwa bega, mdomo wake uko karibu na mdomo wako. Unauma, unavuta, unaendelea kutembea. Humwombi mtu ruhusa. Humchelewishi mtu. Hakuna mtu hata anajua umekunywa. Watu wanafikiria ni kifaa cha wale wameiva kwa mlima, lakini anayekihitaji zaidi ni yule wa nyuma, yule mgeni, yule anaona haya kusema "ningojeni".

Kuna kitu ingine inafaa tuelewe. Mwili hauhesabu maji uliyobeba. Unahesabu yale umemeza. Mtu mzima akipanda mlima kwa jua anaweza kutoa jasho la nusu lita hadi lita nzima kwa saa moja. Kama una kilo 60, asilimia mbili ya uzito wako ni kilo 1.2, yaani lita moja na kidogo. Ukipoteza kiasi hicho bila kurudisha, miguu inakuwa mizito, kichwa kinauma, na hata maamuzi yako yanakuwa ya ovyo. Kwa masaa mawili matatu ya kupanda, unafika hapo vizuri sana. Na mlimani uamuzi wa ovyo ni kukanyaga jiwe mbaya kando ya kreta.

Sasa kuhusu ule utani wa dripu. Mnajua mlikuwa mnasema ukweli bila kujua?

Mwaka 1989 kulikuwa na Mmarekani anaitwa Michael Eidson, mhudumu wa ambulensi na mwendesha baiskeli. Alikuwa anaingia kwa mashindano ya Hotter'N Hell Hundred huko Wichita Falls, Texas. Hizo ni maili 100, kama kilomita 160, kwa joto la Agosti. Aliona kuchukua chupa kutoka kwa baiskeli ni shida. Basi akachukua mfuko wa dripu, ule wa hospitali, akaujaza maji. Akauingiza ndani ya soksi ndefu, akaushikilia mgongoni mwa jezi, mrija akaupitisha begani na kuufunga na pegi ya kuanikia nguo. Wenzake walimcheka pia? Sijui, na haijalishi, kwa sababu kutoka kwa hiyo soksi ndiyo kampuni ya CamelBak ilizaliwa.

Dripu, soksi, pegi. Hiyo ni jua kali, wasee. Huyo jamaa angekuwa na kibanda Gikomba tungemwita fundi. Kwa hivyo ukiniambia mrija ni wa watu wa pesa, jua kwamba ulianza na mtu aliyetumia vitu vya ambulensi na soksi yake mwenyewe.

Na sababu yake ndiyo sababu yetu. Yeye hakutaka kuachilia usukani. Sisi nenda Elephant Hill kule Aberdare uone kama una mkono wa kuchezea chupa. Ni matope, ni mianzi, ni mizizi, mkono mmoja umeshika fimbo na mwingine umeshika mti. Nenda Ngong uone vile upepo unakausha jasho kabla hujalihisi, unadhani uko sawa kwa sababu fulana haijalowa. Mahali kama hapo, maji yakiwa mbali, utayasahau.

Sawa. Najua mna maneno. Tuyachukue moja moja, na mahali mko sawa nitawapa haki yenu.

La kwanza, bei. Ukiingia duka la vifaa vya mlima, kuna begi zitakufanya utoke bila kuaga. Kweli. Lakini begi si lazima iwe mpya. Mimi yangu niliokota Toi Market, mitumba, nikabishana hadi mia saba. Ilikuja na mfuko wake wa maji ndani, na mrija ulikuwa mweusi kama bomba la moshi. Huo mfuko niliutupa siku hiyo hiyo. Begi nunua mitumba, lakini kitu unaweka mdomoni nunua mpya. Mfuko wa lita mbili peke yake unaingia kwa begi yoyote ya shule, ukiupanga upande wa mgongo.

La pili, uchafu. Hapa mko sawa kabisa na nitawaongezea petroli. Mrija usiosafishwa unaota kuvu, na wengi wenu mnarudi haiki Jumamosi jioni, mnatupa begi chini ya kitanda, mnaikumbuka baada ya mwezi. Huo si mfuko wa maji, hiyo ni shamba. Tibu yake ni dakika kumi: maji ya moto kiasi na sabuni ya vyombo, suuza, kamua limau kama kuna harufu. Chukua uzi, ufunge kipande cha kitambaa safi, ukivute kupitia mrija. Halafu uning'inize wazi hadi ukauke kabisa. Na usiweke juisi wala soda ndani. Maji peke yake. Kama hizo dakika kumi ni nyingi kwako, usinunue mrija. Nasema kweli, usinunue.

La tatu, huoni yamebaki kiasi gani. Ukweli. Chupa inakuonyesha, mfuko unajificha mgongoni, halafu ghafla unavuta hewa na bado kuna kilomita tano. Kwa hivyo kila mkipumzika, fungua begi uangalie. Na ukifikia nusu ya maji kabla ya nusu ya njia, sema. Usingoje yaishe ndio uwe mkweli.

La nne, baridi. Wale mmeenda Mlima Kenya mnajua. Kwenda Point Lenana, mita 4,985, watu wanaanza kutembea saa nane au saa tisa usiku ili jua liwapate juu. Huo usiku maji ndani ya mrija yanaganda, na unabaki na lita mbili usizoweza kunywa. Dawa ni kupuliza kila ukimaliza kunywa, maji yarudi kwa mfuko, na kuficha mrija ndani ya jaketi. Na bado ubebe chupa moja. Mrija haujawahi kuapa kwamba utafanya kazi kila mahali.

La tano ndilo watu hawasemi, na ni la maana kuliko yote: unaweza kunywa maji kupita kiasi. Mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 wa Boston Marathon. Asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka chini ya kawaida, hasa wale walikuwa wamekunywa hadi wakamaliza mbio wakiwa wazito kuliko walivyoanza. Maji mengi bila chumvi yanazimua damu, na hiyo inaweza kuua. Kwa hivyo mrija mdomoni siyo leseni ya kunyonya kama mtoto masaa yote. Kunywa ukisikia kiu, mafunda mawili matatu, na ubebe kitu cha chumvi, njugu, krisi, viazi karai, chochote. Shida ya rafiki yangu haikuwa kwamba hakujua ratiba ya kunywa. Kiu ilimwambia, akaisikia, akainyamazisha. Mrija unakuwezesha kujibu kiu pale pale inapoita, basi.

Sasa mmeona? Mrija una makosa yake na sijaficha hata moja. Kwa hivyo msinijibu ati nalipwa na mtu niuze mifuko. Hasira yangu haiko kwa chupa. Hasira yangu iko mahali pengine.

Iko kwa nyinyi viongozi wa haiki. Mnakusanya pesa ya watu arobaini, mnatuma orodha ya "lita mbili", na mnadhani mmemaliza kazi. Hamjamaliza. Kuambia mtu abebe maji na kisha kumnyima nafasi ya kuyanywa ni kumbebesha mzigo bure. Simamisheni kundi, na muda wa kupumzika uanze kuhesabiwa mtu wa mwisho akifika. Siyo yule wa kwanza. Wa mwisho. Dakika tano zake ziwe zake. Na mwambieni kabla hajaomba, kwa sababu hataomba.

Na hapa wacha niongee na wasichana, na wavulana msikilize msijifanye mnaangalia simu. Mnajua na mimi najua kuna sababu nyingine watu hawanywi. Ni choo. Kundi la watu arobaini, wengi hujawahi kuwaona, hakuna kichaka cha maana, kiongozi ni mwanaume yuko mbele nusu kilomita. Kwa hivyo msichana anaamua tangu asubuhi: nisiponywa, sitahitaji kwenda haja. Rafiki yangu alikuja kunikubalia hilo wiki moja baadaye, kwa sauti ya chini, kama mtu anakiri kosa. Mrija hauwezi kutibu hilo. Lakini kiongozi mwenye adabu anaweza. Tangaza mapema: "Tukifika pale, wanaume wanatangulia, wanawake wanabaki na dada fulani." Haikugharimu shilingi. Kama kundi lako halina hata mwanamke mmoja wa kubaki nyuma na wenzake, hilo ni kundi la nusu.

Iko pia kwa sisi tunaotengeneza video. Tumefanya mlima uonekane kama ukumbi wa harusi. Kila wiki ni "vitu kumi lazima uwe navyo", na ukijumlisha ni kodi ya nyumba ya miezi miwili. Tunaonyesha mrija juu ya begi ya bei kali, jua linachomoza, muziki, na hatusemi kazi yake ni nini. Ndiyo maana mtu wa Umoja au Kayole anaona ni kitu cha wengine. Halafu anabeba chupa chini ya begi kwa aibu ya kuonekana anajifanya. Hiyo aibu tumeitengeneza sisi. Nami nimeitengeneza, nilikuwa nacheka.

Na kama huna pesa ya mrija, sikiza. Usinunue. Chukua chupa yako ya kutumia tena, na iwe hiyo kwa sababu tangu Juni 5, 2020 zile za plastiki za kutupa haziruhusiwi kwa mbuga za taifa, misitu na fuo zilizohifadhiwa. Itie ndani ya soksi kuukuu. Funga soksi kwa mkanda wa begi mbele ya kifua, kamba ya kiatu inatosha. Nusu lita hapo mbele, zingine nyuma, na kila mkipumzika unajaza. Ni soksi ya Eidson tu, imehama kutoka mgongoni ikaja kifuani.

Rafiki yangu amerudi mlimani. Alianza na Ngong, polepole, na kundi lingine. Alikuwa na chupa yake ndani ya soksi ya rangi ya chungwa, imefungwa kifuani, inaruka ruka akitembea. Kuna jamaa alimuuliza kama hiyo ni fashoni mpya. Alifungua chupa, akanywa mbele yake, akafunga, na hakupunguza hata hatua.

Kwa hivyo Jumamosi hii, kabla hujatoka nyumbani, fanya jaribio moja. Panga begi yako yote. Funga kila zipu. Ivae. Sasa kunywa maji bila kuivua. Kama huwezi ukiwa kwa sebule yenu, na hakuna mtu anakuharakisha, usinidanganye ati utaweza ukiwa wa mwisho kwa mstari. Toa hiyo chupa chini ya begi uipange upya.